Timu za Viwanda na Mwisho wa Viwanda: Ligi ya Kaskazini-Mashariki ya Ujerumani, Msimu wa 1991/92

1. Utangulizi

Katika kiangazi cha mwaka 1992, timu nne za mpira wa miguu ziliwekwa katika kundi moja nchini Ujerumani ili zigombee nafasi moja tu ya kupanda kutoka daraja la tatu hadi la pili. Tatu kati yake, FC Berlin, 1. FC Union Berlin na FSV Zwickau, zilitoka katika nchi ambayo ilikuwa imekwisha kufutika kwenye ramani, yaani Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani, iliyojulikana kwa kifupi kama DDR. Ya nne, VfL Wolfsburg, ilitoka upande wa Magharibi. Wolfsburg ilishinda ikapanda. Zile tatu zikabaki zilipokuwa.

Kwa mtu anayefuata matokeo peke yake, habari hii ni ndogo. Daraja la tatu halina vikombe vinavyokumbukwa wala wachezaji wanaochorwa kwenye stempu. Hata hivyo, kuungana kwa Ujerumani tarehe 3 Oktoba 1990 kumeandikwa mno kwa kutazama mikataba, sarafu na mabunge, na ni vyema mara moja moja kukutazama kutoka chini, mahali ambapo wafanyakazi wa kawaida walikutana kila mwisho wa juma. Makala haya yanauchunguza msimu wa 1991/92, ambao ulikuwa wa kwanza kwa ligi ya daraja la tatu ya Kaskazini-Mashariki, iliyoitwa NOFV-Oberliga.

Inasemwa mara nyingi kwamba timu za Mashariki zilianguka kwa kuwa zilikuwa zimezoea kulishwa na viwanda vya serikali, na hivyo hazikuweza kusimama katika soko huria. Makala haya yanadai kwamba maelezo hayo hayatoshi. Timu iliyoshinda kundi la 1992 nayo ilikuwa timu ya kiwanda. Tofauti ilikuwa kwamba kiwanda chake kilikuwa bado kinafanya kazi.

2. Majina yaliyotaja kazi

Baada ya vita kwisha mwaka 1945, mataifa yaliyoikalia Ujerumani yalizivunja klabu za zamani za michezo. Upande wa Magharibi nyingi zilirudi upesi kwa majina yake ya awali. Upande wa Mashariki, uliokuwa chini ya Wasovieti, njia nyingine ilifuatwa: michezo iliwekwa chini ya viwanda na idara za kazi. Kila kiwanda kikubwa kilikuwa na jumuiya yake ya michezo, na jumuiya hiyo ilipewa jina lililotaja tasnia yake. Lokomotive lilikuwa jina la watu wa reli. Stahl, la wafua chuma cha pua. Chemie, la viwanda vya kemikali. Motor, la watengenezaji wa magari na mitambo. Turbine, la wafanyakazi wa umeme. Aktivist, la wachimbaji wa migodini. Traktor, la wakulima. Rotation, la wapiga chapa. Polisi na usalama wa taifa walijiita Dynamo, na jeshi likajiita Vorwärts, maana yake «Mbele».

Kwa mwanaisimu, mfumo huu unastahili kuangaliwa. Jina la klabu lilikuwa na sehemu mbili, kazi na mji, na msikilizaji alijua mara moja wachezaji wale walilipwa wapi mshahara. Wakati mwingine kazi na mji vilikuwa kitu kimoja. Eisenhüttenstadt, mji uliojengwa kuanzia mwaka 1950 pembeni mwa tanuri mpya za chuma, una maana ya «mji wa kiwanda cha kuyeyushia chuma». Kwa hiyo anayetamka Stahl Eisenhüttenstadt anataja chuma mara mbili.

Kuna pia jina lililotungwa ili kuficha. Timu ya mji wa Aue, katika milima ya Saksonia, iliitwa Wismut. Wismut ni madini ya bismuthi, lakini kampuni iliyobeba jina hilo haikuishi kwa bismuthi. Ilichimba uraniamu kwa ajili ya Umoja wa Kisovieti, na jina liliwekwa kama pazia. Msomaji wa Katanga ataikumbuka Shinkolobwe, mgodi uliowapa Wamarekani sehemu kubwa ya uraniamu ya mabomu yao ya kwanza wakati wa vita. Saksonia ilikuwa Shinkolobwe ya upande wa pili, na timu yake ya mpira ilikuwa bingwa wa DDR katika miaka ya 1956, 1957 na 1959.

Timu zenye majina ya kazi na ya bidhaa si jambo geni Lubumbashi. Klabu inayoitwa TP Mazembe ilitwaa Kombe la Afrika la klabu bingwa mwaka 1967 na 1968 ikiitwa TP Englebert, jina la aina ya matairi. Na FC Saint-Éloi Lupopo mpaka leo huitwa «Cheminots», yaani watu wa reli, kama walivyokuwa watu wa Lokomotive mjini Leipzig. Lakini katika DDR jambo hili lilikuwa mfumo wa nchi nzima. Kiwanda kilitoa uwanja, basi la safari, nyumba na ajira; mchezaji aliandikwa katika orodha ya wafanyakazi hata kama alionekana kazini mara chache. Kuanzia miezi ya mwisho ya 1965 serikali iliunda klabu kumi maalumu za mpira, zilizotengwa na jumuiya za michezo zilizozilea, ili ziinue kiwango cha taifa. Hata hizo ziliendelea kuwa na walezi wao katika viwanda na idara za serikali.

Mfumo huo ulizaa matunda. Mwaka 1974 klabu ya 1. FC Magdeburg iliifunga AC Milan 2-0 mjini Rotterdam na kutwaa Kombe la Washindi la Ulaya. Wiki chache baadaye mchezaji wake Jürgen Sparwasser alifunga bao pekee ambalo DDR iliishinda Ujerumani ya Magharibi mjini Hamburg, katika Kombe la Dunia lile lile ambalo timu ya Zaire ilishiriki.

3. Mgawanyo wa mwaka 1991

Ukuta wa Berlin ulifunguliwa tarehe 9 Novemba 1989. Mpira wa Mashariki haukungoja mkataba wa kuungana ili uanze kubadilika. Mnamo Januari 1990 mshambuliaji Andreas Thom wa BFC Dynamo aliuzwa kwa Bayer Leverkusen, na mwaka huo huo Ulf Kirsten wa Dynamo Dresden akamfuata. Tukio hili linahusu hoja yetu moja kwa moja, kwa sababu Bayer Leverkusen ni timu iliyoanzishwa mwaka 1904 na wafanyakazi wa kampuni ya dawa na kemikali ya Bayer, na jina la kampuni limo katika jina la timu. Hivyo mchezaji wa kwanza mashuhuri kuuzwa kwa njia halali kutoka Mashariki alikwenda kwa timu ya kiwanda.

Tarehe 20 Novemba 1990 shirikisho la mpira la DDR lilijivunja, na mahali pake pakaundwa shirikisho la Kaskazini-Mashariki, NOFV, ndani ya shirikisho la Ujerumani nzima, DFB. Msimu wa mwisho wa ligi kuu ya Mashariki, 1990/91, ulikuwa wa kugawa nafasi. Kati ya timu 14, mbili tu zingeingia ligi kuu ya Ujerumani iliyoungana: Hansa Rostock, iliyokuwa bingwa, na Dynamo Dresden. Zile za nafasi ya tatu hadi ya sita, yaani Erfurt, Halle, Chemnitz na Jena, ziliingia daraja la pili. Zile za nafasi ya saba hadi ya 12 zilicheza michuano ya ziada pamoja na mabingwa wawili wa daraja la chini, Union Berlin na Zwickau. Michuano hiyo ilitoa nafasi mbili, zikachukuliwa na Lokomotive Leipzig na Stahl Brandenburg. Waliobaki wote walitupwa daraja la tatu.

Ni vizuri kutazama nani walikuwa miongoni mwa waliotupwa. Walikuwamo Magdeburg, waliotwaa Kombe la Washindi la Ulaya mwaka 1974. Ilikuwamo FC Berlin, jina jipya la BFC Dynamo, klabu iliyokuwa bingwa mara kumi mfululizo kati ya 1979 na 1988. Ilikuwamo Stahl Eisenhüttenstadt, ambayo wiki chache kabla ilikuwa imecheza fainali ya kombe. Msimu mmoja ulitosha kuamua urithi wa miaka arobaini, na msimu huo ulichezwa wakati wachezaji bora walikuwa wamekwisha kuondoka au walikuwa njiani.

4. Msimu wenyewe

NOFV-Oberliga ya 1991/92 iligawanywa katika makundi matatu: Kaskazini, Kati na Kusini. Ushindi ulikuwa na thamani ya pointi mbili, kama ilivyokuwa desturi ya Ujerumani mpaka mwaka 1995. Ubingwa wa kundi haukumpa mtu tiketi ya kupanda. Ulimpa haki ya kuingia katika michuano ya mwisho pamoja na bingwa wa ligi ya Kaskazini ya Magharibi.

Eisenhüttenstadt ndiyo iliyoonyesha zaidi utata wa mwaka ule. Katika fainali ya kombe la Mashariki mwaka 1991 ilifungwa 1-0 na Hansa Rostock. Kwa kuwa Hansa ilikuwa pia bingwa wa ligi, nafasi ya kushiriki Kombe la Washindi la Ulaya ilikwenda kwa aliyeshindwa. Hivyo timu ya daraja la tatu, kutoka mji wenye umri wa miaka 41, ilikutana na Galatasaray ya Istanbul. Ilifungwa 2-1 nyumbani na 3-0 ugenini, kisha ikarudi katika ratiba yake ya kila juma dhidi ya timu za wilayani.

Nyuma ya ratiba hiyo mambo mazito zaidi yalikuwa yakiendelea. Sarafu ya Magharibi ilikuwa imeingia Mashariki tarehe 1 Julai 1990, na bidhaa za Mashariki zikapoteza wanunuzi kwa ghafla. Idara iliyoitwa Treuhandanstalt ilikabidhiwa mashirika yapatayo 8,500 yenye wafanyakazi zaidi ya milioni 4, ili iyauze, iyatengeneze au iyafunge. Kwa meneja mpya aliyetafuta kila senti ya kupunguza gharama, timu ya mpira ilikuwa mstari wa kwanza wa kufutwa katika daftari. Uchimbaji wa Wismut ulisimama mwishoni mwa 1990. Timu ya Aue iliendelea kubeba jina la mgodi usiochimba hadi Januari 1993, ilipojiita Erzgebirge Aue, kwa jina la milima yake. Kazi ilitoka katika jina, na ardhi ikaingia mahali pake.

Mabadiliko kama hayo yalitokea kila mahali. Karl-Marx-Stadt ulirudi kuitwa Chemnitz mwaka 1990, na klabu yake ikabadilika nao. Chemie Leipzig ikawa Sachsen Leipzig. Lokomotive Leipzig ilichukua mwaka 1991 jina la VfB Leipzig, klabu iliyokuwa bingwa wa kwanza wa Ujerumani mwaka 1903. Haya hayakuwa mambo ya urembo tu. Klabu iliyopoteza mlezi ilihitaji babu mwingine, na ilimtafuta katika miaka ya kabla ya vita au katika jina la jimbo.

Ligi hii ilikuwa pia mahali ambapo timu za Berlin ya Magharibi zilisafiri kwa mara ya kwanza kila juma kwenda vijiji na miji ya Mashariki. Miongoni mwake ilikuwamo Türkiyemspor, klabu ya wahamiaji wa Kituruki wa mtaa wa Kreuzberg. Safari hizo hazikuwa rahisi. Mnamo Septemba 1991, wakati msimu ulikuwa umeanza tu, makundi ya vijana mjini Hoyerswerda yalishambulia kwa siku kadhaa nyumba za wafanyakazi wa mkataba kutoka Msumbiji na Vietnam, mpaka wenye mamlaka wakawahamisha walioshambuliwa. Watu hao walikuwa wameletwa na DDR ili wafanye kazi katika viwanda vile vile ambavyo sasa vilikuwa vikifungwa. Anayesoma historia ya viwanda na timu zake hana budi kukumbuka kwamba Waafrika nao walikuwamo katika orodha za mishahara, na kwamba walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuondolewa.

5. Kundi la timu nne

Mwisho wa msimu, FC Berlin ilikuwa bingwa wa Kaskazini, Union bingwa wa Kati na Zwickau bingwa wa Kusini. Wolfsburg ikaungana nazo. Ni vigumu kutunga kundi lingine linaloeleza historia ya Ujerumani kwa ufupi zaidi.

FC Berlin ilikuwa timu ya dola. Mlezi wake alikuwa Erich Mielke, waziri wa usalama wa taifa, na ushindi wake ulichukiwa na mashabiki wa nchi nzima, walioamini kwamba waamuzi waliupendelea. Klabu ilibadili jina Februari 1990 ili ijitenge na historia hiyo. Mlezi alikuwa amekwisha kuanguka, na wachezaji walikuwa wamekwenda.

Zwickau ilikuwa timu ya magari. Klabu ya mji huo ilikuwa bingwa wa kwanza wa ligi ya Mashariki mwaka 1950 ikiitwa Horch, jina la magari ya kifahari yaliyotengenezwa pale kabla ya vita. Baadaye iliitwa Motor, kisha Sachsenring, jina la kiwanda kilichounda Trabant, gari dogo la mamilioni ya familia za DDR. Ikiitwa Sachsenring ilifika nusu fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya mwaka 1976. Trabant ya mwisho ilitoka kiwandani tarehe 30 Aprili 1991. Miezi michache baadaye msimu ulianza, na timu iliyokuwa sasa ikiitwa FSV Zwickau, bila jina la kiwanda, ikashinda kundi lake.

Union ilitoka katika mitaa ya viwanda ya kusini-mashariki ya Berlin. Ilipoundwa mwaka 1966 ililelewa na shirikisho la vyama vya wafanyakazi, lakini ulezi huo haukuwahi kulingana na ule wa Dynamo. Katika miaka yote ya DDR ilitwaa kombe moja, mwaka 1968. Iliyokuwa nayo kwa wingi ni watazamaji.

Wolfsburg nayo ni mji uliozaliwa mwaka 1938 kwa ajili ya kiwanda kimoja, cha Volkswagen, kama Eisenhüttenstadt ulivyozaliwa kwa ajili ya tanuri za chuma. Klabu iliundwa mwaka 1945, na kiwanda kikawa nyuma yake tangu mwanzo. Kama mji huo ungalikuwa umbali mfupi upande wa mashariki wa mpaka, bila shaka timu yake ingaliitwa Motor Wolfsburg.

Basi timu ya mji wa Trabant na timu ya mji wa Volkswagen zilikutana kugombea nafasi moja. Wakati huo Volkswagen yenyewe ilikuwa imekwisha kuingia Zwickau: tangu mwaka 1990 ilikuwa ikiunganisha magari huko Mosel, karibu na mji huo. Kampuni ile ile iliwapa kazi baadhi ya wafanyakazi wa kiwanda cha Trabant, huku timu yake ikiipita timu ya mji wao. Hapakuwa na hila yoyote katika jambo hili. Wolfsburg ilicheza ikashinda. Lakini timu moja iliingia uwanjani ikiwa na mwajiri wa mji mzima nyuma yake, na nyingine zilikuwa zikitafuta nani atalipa nauli.

6. Yaliyofuata

Union ilishinda kundi lake tena mwaka 1993, na safari hii ikawa juu katika michuano ya kupanda. Ndipo DFB ilipogundua kwamba dhamana ya benki iliyowekwa katika maombi ya leseni ilikuwa ya kughushi. Leseni ikakataliwa, na nafasi ikachukuliwa na Tennis Borussia, klabu ya Berlin ya Magharibi. Mwaka 1994 Union ilikuwa bingwa kwa mara ya tatu mfululizo, na kwa mara nyingine ikanyimwa leseni kwa sababu za fedha. Aliyeghushi alistahili adhabu. Hilo halina mjadala. Linalobaki kwa mwanahistoria ni kuona jinsi sheria ya mashindano ilivyokuwa imebadilika: chini ya DDR timu ilizuiwa na uamuzi wa chama, na sasa ilizuiwa na karatasi ya benki.

Zwickau ilipanda mwaka 1994 ikadumu daraja la pili hadi 1998. Mwaka huo huo wa 1994 ligi ya NOFV ilishushwa kuwa daraja la nne, baada ya kuundwa kwa ligi mpya za kanda. VfB Leipzig ilifika ligi kuu mwaka 1993, ikashuka baada ya msimu mmoja, na mwaka 2004 ikafilisika. Mashabiki wake waliunda klabu upya, wakaanza daraja la 11, na jina walilolichagua lilikuwa Lokomotive. FC Berlin nayo ilirudia jina la BFC Dynamo mwaka 1999. Jina la babu wa 1903 na jina lisilo na kazi yoyote ndani yake yalikuwa yamejaribiwa, na mashabiki hawakuyapokea.

Union ilifuata njia nyingine. Mwaka 2004 mashabiki walitoa damu hospitalini na kuichangia klabu malipo waliyopewa. Mwaka 2008 na 2009 zaidi ya watu 2,000 walijitolea kuujenga upya uwanja wao kwa mikono. Klabu ilifika ligi kuu mwaka 2019, na mwaka 2023 ikacheza Ligi ya Mabingwa ya Ulaya.

7. Hitimisho

Mwaka 1998 DFB iliamua kwamba wanachama wa klabu lazima wabaki na wingi wa kura, hata kama timu imegeuzwa kuwa kampuni. Msamaha ulitolewa kwa kampuni iliyokuwa imeifadhili klabu yake bila kukatiza kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya tarehe 1 Januari 1999. Kwa msamaha huo Leverkusen ilibaki ya Bayer, na Wolfsburg ikabaki ya Volkswagen. Sheria iliuona uhusiano wa muda mrefu kati ya kiwanda na timu kuwa jambo la kuheshimiwa.

Sachsenring, tanuri za Eisenhüttenstadt, reli ya Leipzig na migodi ya Aue zilikuwa zimezilea timu zake kwa miaka ipatayo arobaini, mara mbili ya muda uliotakiwa. Lakini ulezi huo ulikuwa umekatizwa mwaka 1990, na baadhi ya walezi hawakuwapo tena kuomba msamaha wowote. Kwa hiyo anayetaka kueleza kwa nini Mashariki ilipotea kwa muda mrefu katika madaraja ya juu asianze na tabia ya wachezaji wake wala na uvivu wa mfumo wao. Aanze na tarehe ambazo viwanda vilifungwa, kisha aziweke kando ya majedwali ya ligi ya msimu wa 1991/92.